Mboji: Taka za Jikoni Zinavyorudi Bustanini

Katika kaya nyingi za vijijini na za miji midogo, shimo la taka hupokea kila kitu: maganda ya ndizi na mihogo, majani yaliyofagiliwa uani, majivu ya jikoni, chupa za plastiki na betri zilizokwisha. Shimo likijaa, huchomwa moto. Moshi huingia ndani ya nyumba, plastiki huacha mabaki yenye sumu, na vile ambavyo vingeurutubisha udongo huteketea pamoja nayo. Msimu wa kupanda ukifika, kaya hiyohiyo hutafuta fedha za kununua mbolea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezipa serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka ngumu katika maeneo yao. Hata hivyo, kazi hiyo huanzia jikoni, pale mtu anapoamua ganda la ndizi liingie ndoo ipi. Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza mboji nyumbani. Yanatumia pia kumbukumbu za mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliyejifunza kazi hiyo katika bustani ya shule yake ya kata, kisha akaijaribu kwao. Kumbukumbu hizo zina manufaa kwa sababu zimeandika hata yale yaliyoharibika.

Udongo ulio hai

Mwanafunzi huyo anaeleza kuwa kabla ya mafunzo alijua mbolea kuwa ni kitu cha kununuliwa kwenye mfuko. Mama yake hulima mchicha wa kuuza, na mara nyingi huchukua mbolea kwa mkopo katika duka la pembejeo, akalipa baada ya mavuno. Mchicha ukikosa soko, deni hubaki. Siku alipopangiwa zamu ya kukusanya majani makavu ya miembe katika uwanja wa shule, alidhani anaadhibiwa.

Somo lililobadili fikra zake lilikuwa lile la uhai wa udongo. Katika konzi moja ya udongo wenye afya huishi bakteria, kuvu na viumbe wengine wadogo kwa mabilioni, mbali na minyoo na wadudu wanaoonekana kwa macho. Viumbe hao hula mabaki ya mimea na wanyama, huyavunjavunja, na kuviachia virutubisho ambavyo mizizi inaweza kuvifyonza. Mboji ni matokeo ya kazi hiyo inapofanyika kwa mpangilio: mabaki yameoza mpaka yakawa kitu cheusi, chepesi, kinachonukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Wakulima wa Tanzania walilijua jambo hili muda mrefu. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro: hufyeka nyasi, huzipanga kwa miraba mlimani, kisha huzifunika kwa udongo. Nyasi huoza ndani ya matuta na kuyalisha mahindi na maharage, na mashimo yaliyo katikati huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo. Wahaya wa Kagera wameitunza migomba ya vibanja vyao kwa samadi na matandazo ya nyasi, na Wachagga wa Kilimanjaro hurudisha samadi ya zizini katika kihamba. Shuleni nako, bustani na mashamba yalipewa uzito mpya tangu Mwalimu Julius Nyerere alipotoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967.

Namna ya kutengeneza biwi la mboji

1. Mahali. Chagua penye kivuli, pasipotuama maji, na mbali na kisima. Sehemu zenye mvua nyingi, biwi lijengwe juu ya ardhi. Sehemu kavu, lianzie katika shimo lenye kina kisichozidi nusu mita ili litunze unyevu.

2. Tabaka la chini. Tandaza vijiti au mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, unene wa sentimita 20 hivi. Tabaka hili hupitisha hewa.

3. Matabaka ya juu. Weka vitu vikavu, kama majani makavu, mabua na nyasi kavu. Juu yake weka vitu vibichi, kama maganda, mabaki ya mboga na magugu mabichi yasiyo na mbegu. Ongeza samadi kidogo na udongo wa juu, nyunyiza majivu kwa uchache, kisha mwagilia. Rudia mpangilio huo.

4. Ukubwa. Biwi lifike walau mita 1 kwa upana na mita 1 kwa kimo. Likiwa dogo zaidi halihifadhi joto.

5. Kufunika. Funika kwa majani ya migomba au nyasi ili jua lisilikaushe na mvua isilioshe. Chomeka fimbo ndefu ifike katikati.

6. Kugeuza. Baada ya wiki mbili hadi tatu, geuza biwi ili vilivyokuwa nje viingie ndani. Geuza tena baada ya wiki tatu nyingine. Kwa kawaida mboji huwa tayari kati ya miezi 2 na 3. Maeneo ya baridi huchukua muda mrefu zaidi.

Visiwekwe kabisa plastiki, betri, vioo, nyama, samaki, mafuta ya kupikia, mimea yenye ugonjwa, wala kinyesi cha binadamu, mbwa au paka. Nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu nazo ziachwe, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hubaki na nguvu ya kudhuru mboga.

Biwi lililonuka

Biwi la kwanza la mwanafunzi huyo lilishindikana. Kwa shauku alikusanya mabaki ya mboga ya nyumba tatu, akayarundika, na kila jioni akayamwagia maji yaliyooshea vyombo. Baada ya wiki moja lilitoa harufu kali na kuvuta nzi. Jirani alilalamika, na mama yake akamtaka alifukie kabla wageni hawajafika. Mwanafunzi anakiri kuwa alikaribia kuamini kwamba mboji ni somo la shuleni tu.

Sababu ya harufu hiyo ilikuwa rahisi. Viumbe wanaoozesha mabaki huhitaji kaboni, inayopatikana kwa wingi katika vitu vikavu, na naitrojeni, iliyo nyingi katika vitu vibichi na samadi. Uwiano unaofaa ni takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Nyumbani hakuna haja ya kupima: ndoo mbili au tatu za vitu vikavu kwa ndoo moja ya vibichi hutosha. Biwi lake lilikuwa na vibichi vitupu, na maji yalikuwa yameifukuza hewa. Pasipo hewa, kazi hufanywa na bakteria wa aina nyingine, ambao hutoa gesi zenye uvundo.

Hakulifukia. Alilifungua, akachanganya majani makavu na mabua, akalijenga upya na kuacha kulimwagia maji ya vyombo. Harufu ilikoma baada ya siku chache. Tangu hapo aliitumia fimbo kama kipimo, na kila mkazi anaweza kufanya vivyo hivyo. Ivutwe baada ya siku tatu hadi tano. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, biwi linafanya kazi. Ndani yake joto linaweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, kiasi kinachoua mbegu nyingi za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Ikiwa kavu, maji yaongezwe. Ikiwa ya baridi, imelowa na inanuka, vitu vikavu viongezwe na biwi ligeuzwe. Unyevu unaofaa ni ule wa kitambaa kilichokamuliwa: ukifinya konzi ya mabaki, yatoke matone machache tu.

Mboji inafaa nini, na haifai nini

Mama yake alimpa tuta moja la kujaribia, akabaki na mengine kwa mbolea ya dukani. Katika mchicha wa kwanza tuta la mboji lilishindwa: mimea yake ilikuwa mifupi. Matokeo hayo hayashangazi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni inayopatikana upesi, ilhali kilo 100 za mboji kavu kwa kawaida huwa na kilo 1 hadi 2 tu, nayo huachiliwa polepole. Mboji ya jikoni peke yake haiwezi kukidhi mahitaji ya ekari kadhaa za mahindi, na mkulima asiahidiwe hivyo.

Tofauti ilijitokeza katika mchicha wa pili, mvua zilipochelewa. Matuta mengine yalihitaji maji asubuhi na jioni. Tuta la mboji lilitosheka na mara moja kwa siku. Mboji huufanya udongo wa kichanga ushike maji, na udongo mzito wa mfinyanzi upitishe hewa. Baada ya hapo mama aliongeza matuta matatu. Bado hununua mbolea ya dukani, ila kwa kiasi kidogo kuliko awali, na mwanafunzi ameandika kuwa hilo lilimfurahisha kuliko alama alizopata darasani.

Kwa bustani ya nyumbani, ndoo moja ya lita 20 ya mboji iliyoiva hutosha mita moja ya mraba. Ichanganywe na udongo wa juu kabla ya kupanda. Tuta lifunikwe kwa matandazo, na mazao yabadilishwe: nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo ni wa familia moja na hushambuliwa na magonjwa yanayofanana, hivyo visifuatane katika tuta moja.

Pa kuanzia

Wakazi wanashauriwa kuanza na ndoo mbili jikoni, moja ya vinavyooza na nyingine ya visivyooza. Ushauri kuhusu mahali pa biwi na matumizi ya mboji katika mazao mbalimbali hutolewa bila malipo na Afisa Kilimo wa Kata. Palipo na nyumba zilizobanana, Afisa Afya wa Kata aulizwe kwanza ili biwi lisiwe kero kwa majirani. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyotaka kutengeneza mboji ya kuuza vinaweza kumwona Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata kuhusu masharti ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Wazazi wenye watoto katika shule zilizo na bustani nao waombe kuonyeshwa biwi la shule na fimbo yake kabla ya kujenga la nyumbani.