Chumba ghorofa ya kumi kwa mkataba wa mtu mwingine

Na Mwandishi Wetu

Ukivuka na pantoni kutoka Kigamboni asubuhi, kitu cha kwanza kukuona kabla hujakiona ni majengo ya Posta. Minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF, yenye ghorofa zaidi ya 30 kila mmoja, inasimama Barabara ya Sokoine, na karibu yake ni jengo refu la Mamlaka ya Bandari. Kwa mkulima au mchuuzi aliyekuja mjini kufuata malipo yake, majengo hayo ni ya watu wengine: mabenki, makampuni ya meli, mawakili.

Lakini ukipanda lifti ukatembea ukumbini, utashangaa. Nyuma ya mlango wenye jina la kampuni moja, mara nyingi wamo wafanyabiashara watano au sita, kila mmoja na meza yake. Yumo anayesafirisha ufuta, yumo wakala wa forodha, yumo anayeagiza vipuri vya matrekta. Hawakupanga kwa mwenye jengo. Wamepanga kwa mpangaji.

Biashara hii ya mpangaji kumpangisha mwenzake si ngeni Dar es Salaam. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya biashara na ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Kodi za nyumba hizo zilidhibitiwa kwa sheria na zikabaki chini mno kuliko thamani ya eneo. Aliyekuwa na mkataba wa duka katikati ya mji alikuwa na mali mkononi ingawa nyumba si yake. Hapo ndipo kilemba kilipoota mizizi: unamlipa mpangaji fungu la fedha ili akuachie nafasi, kisha kodi unaendelea kulipa kwa jina lake. Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005, ila kilemba hakikufutika, na NHC kwa miaka mingi imekuwa ikilalamikia wapangaji wanaopangisha wenzao kinyume cha mikataba yao.

Katika minara ya leo mambo yamebadilika sura. Hapa kodi ni ya soko, hivyo mpangaji mkuu hana tofauti kubwa ya kuvuna. Wengi wanapangisha wenzao kwa sababu walichukua eneo kubwa kuliko wanavyoweza kulilipia. Mwingine alikuwa na wafanyakazi 20, sasa anao 6. Mwingine aliona biashara yenyewe ndiyo hiyo, kukodi nusu ghorofa, kuigawa kwa vioo na kuuza vyumba.

Kwa mfanyabiashara mdogo faida ipo, na haina haja ya kubezwa. Wenye majengo hupenda kupangisha eneo kubwa kwa miaka kadhaa, na hawana muda na mtu anayetaka mita 12 za mraba kwa miezi sita. Mpangaji mkuu anao. Isitoshe, atakukuta na mapokezi, chumba cha mikutano, intaneti na choo kinachosafishwa. Na unapoomba leseni ya biashara, unatakiwa kuonyesha kwa maandishi kwamba una mahali panapofaa kuendeshea biashara yako, mkataba wa pango ukiwa mojawapo ya vielelezo. Anwani ya Posta inasaidia pia mnunuzi wa nje anapotaka kujua anashughulika na nani.

Hata hivyo tuseme ukweli, wengi hawaihitaji. Ufuta na korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya ushirika na stakabadhi ghalani, na bei haipandi kwa sababu umekaa ghorofa ya kumi. Mwenye fedha ya kodi ya mwaka mzima ya chumba Posta angeweza kuiangalia upya akilinganisha na ghala dogo Vingunguti au karibu na Tazara, ambako gari linafika mlangoni. Ofisi ya mjini inamfaa anayekutana na benki, wakala wa meli au wageni kila wiki.

Ukishaamua kwamba unaihitaji, kaa chini na kalamu.

Chukulia mpangaji mkuu amekodi mita za mraba 120 kwa shilingi 30,000 kila mita kwa mwezi. Kodi yake ni shilingi 3,600,000. Mwenye jengo anamdai pia gharama za huduma, yaani ulinzi, usafi, lifti na jenereta, tuseme shilingi 5,000 kwa kila mita, ambazo ni 600,000. Tukiacha VAT kando, kila mwezi anatakiwa kutoa 4,200,000. Anagawa vyumba sita vya mita 12 kila kimoja. Jumla ni mita 72. Zilizobaki 48 ni mapokezi, njia na chumba cha mikutano. Wewe anakutoza 750,000.

Ukigawanya utaona unalipa 62,500 kwa mita wakati yeye analipa 30,000, na utapiga kelele kwamba umeibiwa. Subiri kwanza. Gharama yake yote ikigawanywa kwa mita 72 zinazopangishika inatoka kama 58,300 kwa mita. Faida yake ni ndogo. Vyumba vyote vikijaa anapata 4,500,000 na kubaki na 300,000, ambayo humo humo atamlipa binti wa mapokezi na intaneti.

Sasa ondoa wapangaji wawili. Anakusanya 3,000,000 na kudaiwa 4,200,000. Kila mwezi anapungukiwa 1,200,000, na ndani ya miezi mitatu deni limefika 3,600,000, sawasawa na kodi ya mwezi mzima ya eneo lote. Wewe hujakosa hata siku moja. Umelipa miezi sita mbele, risiti unazo. Fedha yako ndiyo iliyotumika kuziba pengo la vyumba vitupu.

Kisa kinachofuata wanakijua walinzi wengi wa Posta. Barua za madai zinakwenda kwa mpangaji mkuu, na wapangaji wadogo hawazioni kwa sababu zimeandikwa jina lake. Siku moja dalali wa mahakama anafika na makuli, au kufuli inabadilishwa usiku. Asubuhi wafanyabiashara watano wanasimama kwenye lifti wakiwa na risiti mkononi, wakimweleza meneja wa jengo kwamba wamelipa. Meneja anawauliza swali moja: mmemlipa nani? Mkataba wao ni na mpangaji, si na mwenye jengo. Mwenye jengo hawajui, na mara nyingi hakuwahi kuambiwa kwamba wamo. Ndani kuna kompyuta, mafaili ya forodha na sampuli, na kuzitoa kunakuwa kazi ya wiki.

Wanaodhani matatizo haya ni ya watu wadogo tu wakumbuke kampuni ya WeWork iliyoanzishwa New York mwaka 2010. Kazi yake ilikuwa hii hii, ila kwa kiwango kikubwa: kukodi ghorofa katika minara kwa mikataba mirefu, kuzipamba, kisha kuwapangisha wadogo kwa mwezi mwezi. Mapema mwaka 2019 ilithaminiwa kuwa na thamani ya dola bilioni 47. Novemba 2023 iliomba kinga ya mahakama ya kufilisika. Iliahidi kulipa kwa miaka mingi, wakati wapangaji wake waliahidi kulipa kwa miezi. Ugonjwa wa corona ulipowaondoa watu maofisini, pengo likawa wazi.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza ya kuomba si mkataba wako. Ni mkataba wa mpangaji mkuu na mwenye jengo. Wengi wataona haya kuuomba, na dalali atakwambia kwamba humwamini ndugu yako. Omba hivyo hivyo. Tafuta mambo machache humo. Je, anaruhusiwa kupangisha mwingine? Mikataba mingi ya majengo haya inakataza bila ridhaa ya maandishi, na mwenye jengo akigundua anaweza kuuvunja mkataba mzima. Unaisha lini? Mtu hawezi kukupa muda asiokuwa nao. Kama amebakiwa na miezi minane, mkataba wa miaka miwili anaokuandikia ni hewa baada ya mwezi wa nane. Kodi imelipwa hadi lini? Hili aonyeshe risiti, na kama hana, mwende pamoja kwa meneja wa jengo mkaulize.

Barua ya ridhaa ya mwenye jengo ndiyo kinga kubwa. Bora zaidi ni karatasi ya pande tatu, ambapo mwenye jengo anakubali kwamba mpangaji mkuu akishindwa, wewe utaarifiwa na unaweza kuendelea kukaa ukimlipa yeye moja kwa moja. Si kila mwenye jengo atasaini. Lakini mwenye vyumba vitupu husikiliza, na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, taasisi za umma zimekuwa zikiondoka Dar es Salaam na kuacha nafasi. Majengo kadhaa makubwa ya mjini ni mali ya mifuko ya hifadhi ya jamii. PSPF, PPF, LAPF na GEPF iliunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF. Kabla ya kumpa mpangaji fedha, inafaa kuuliza ofisi ya jengo kama lenyewe halina chumba kidogo. Wakati mwingine kipo, na dalali hakukwambia kwa sababu hapati chochote humo.

Kuhusu shilingi na dola. Kwa miaka mingi wenye minara walitaja kodi kwa dola, na mpangaji mkuu akamtwisha mdogo mzigo huo huo. Anayeuza mahindi kwa shilingi alijikuta kodi inapanda bila mtu kuigusa. Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza kutaja bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mkataba mpya unaokutaka ulipe dola, au "shilingi kwa kiwango cha siku hiyo", urudishe uandikwe upya kwa shilingi.

Kodi za serikali nazo zina mtego wake. Anayelipa pango kwa ajili ya biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi hiyo na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Katika mfano wetu, ungezuia 75,000 na kumpa mpangaji mkuu 675,000 pamoja na hati ya kodi ya zuio. Yeye atakwambia bei ni safi, makato hayatambui. Ukikubali bila kuzuia, TRA ikija itakudai wewe, na utalipa mara ya pili mfukoni mwako. Elewaneni mapema kama 750,000 ni kabla au baada ya makato. Akiongeza VAT ya asilimia 18, aonyeshe kwamba amesajiliwa na atoe risiti ya mashine ya EFD. Asiyesajiliwa hana haki ya kuitoza.

Nenda ukakague chumba mchana wa kazi, si Jumamosi kukiwa kimya. Hesabu lifti zinazofanya kazi. Uliza kiyoyozi kinazimwa saa ngapi, kwa sababu majengo yenye vioo visivyofunguka hugeuka tanuri baada ya saa 11 jioni, na msimu wa mauzo hauishi saa 11. Uliza umeme unalipwaje; kama mita ni moja kwa vyumba vyote, mwenye friji ya sampuli na mwenye simu tupu watagawana sawa. Tafuta ngazi za dharura uone kama hazikugeuzwa stoo. Soma pia masharti ya matumizi. Neno "ofisi tu" lina maana yake, na mwenye sampuli za dagaa au vitunguu atapewa barua ndani ya wiki ya kwanza. Pengine atastahili.

Usilipe mwaka mzima mbele kwa kupewa punguzo. Miezi mitatu inatosha katika upangaji wa aina hii, hata kama bei ni ya juu kidogo, kwani ndiyo fedha utakayopoteza mambo yakiharibika. Amana iandikwe kando na kodi, na tarehe ya kurudishwa itajwe. Orodha ya vitu vyako, meza, kompyuta, kabati, isainiwe na pande zote mbili na nakala apewe meneja wa jengo. Siku dalali wa mahakama akija kukamata mali za mpangaji mkuu, orodha hiyo ndiyo itakayokupa la kusema.

Mgogoro ukitokea, mashauri ya upangaji husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Baraza au mahakama haipokei kama ushahidi mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu mpaka ushuru huo na faini yake vilipwe, hivyo ulipie TRA mara tu baada ya kusaini. Risiti yake ikae nyumbani kwako pamoja na nakala ya mkataba, si kwenye droo ya chumba ambacho ufunguo wake unaweza kubadilishwa usiku.