Skana, Vilima na Chaneli ya 16: Usikilizaji wa Redio za Usalama Homa Bay na Migori

Skana ni kipokezi cha redio kinachopitia masafa mengi kwa zamu, kikisimama kila kinaponasa mazungumzo na kuendelea mbele mazungumzo hayo yanapokoma. Hupokea tu wala hakirushi, na hapo ndipo kinapotofautiana na redio koli, ambayo askari au nahodha huishika mkononi ili aseme na asikie. Kwa miongo mingi uraibu wa kusikiliza polisi na zimamoto kwa skana ulistawi hasa Marekani, ambako vifaa hivyo viliuzwa waziwazi madukani. Hali ilibadilika kuanzia mwaka 2012, ilipofahamika kwamba kijiti cha kupokea televisheni chenye chipu ya Realtek RTL2832U, kikichomekwa kwenye kompyuta na kuendeshwa kwa programu mpya, kinaweza kupokea takriban masafa yote kati ya megahezi 24 na 1,700, megahezi moja ikiwa ni mitetemo milioni moja ya wimbi kwa sekunde. Bei ya uraibu ikashuka, na swali la nani anaruhusiwa kusikiliza nini likawahusu hata wakazi wa Rongo na Mbita, katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya.

Mawimbi ya redio za usalama, ambayo kwa kawaida hutumia bendi za VHF na UHF, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kinachoamua umbali zaidi ni kimo cha antena kuliko nguvu ya mtambo. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kuzidisha kipeuo cha pili cha kimo, kwa mita, kwa 4.12 ili kupata kilomita za upeo wa redio, kisha kujumlisha upeo wa pande zote mbili. Watu wawili wenye redio za mkononi, kila mmoja akiinyanyua mita moja na nusu juu ya maji, hupoteana wakishaachana kilomita 10 hivi, ilhali antena iliyosimamishwa mita 400 juu ya ziwa huufikia mtumbwi ulio umbali wa zaidi ya kilomita 80. Kwa hiyo Got Asego, kilima kinachoutazama mji wa Homa Bay, vilima vya Gembe juu ya Mbita, na vilima vya Gwassi vinavyoinuka kati ya Ziwa Victoria na bonde la Lambwe, vina thamani ambayo wenyeji wengi hawajaipima: kilele kimoja hupeleka sauti mbali, na kilele hichohicho huwaziba walio nyuma yake. Ndiyo maana taasisi zenye redio hufunga ripita vileleni, yaani mtambo unaoipokea sauti dhaifu kutoka bondeni na kuirusha upya kwa nguvu katika masafa mengine.

Kumsikia polisi, hata hivyo, kunazidi kuwa kugumu duniani kote, kwa sababu mifumo ya kidijitali hugeuza sauti kuwa tarakimu, hugawa chaneli kwa mazungumzo kadhaa, na mara nyingi huongeza usimbaji, yaani ufichaji wa maneno kwa ufunguo ambao asiye nao husikia mkwaruzo mtupu. Nchini Kenya mwelekeo huo ulionekana wazi mwaka 2014, serikali ilipoipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya kujenga mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi, ukianzia Nairobi na Mombasa.

Sheria nayo haimpi msikilizaji nafasi pana. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 hudai leseni kwa vifaa vya mawasiliano ya redio, isipokuwa vile vilivyosamehewa, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya mawasiliano ya kila mtu. Na Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, katika kifungu cha 17, huzitaka nchi wanachama zizuie unasaji wa mawasiliano yasiyokusudiwa umma pamoja na kuyatangaza yaliyomo. Makatazo hayo yana sababu nzito, kwani kwenye redio ya polisi hutajwa majina ya waathiriwa na nyumba zao, na anayeyarudia sokoni Migori huweza kumwangamiza mtu asiye na hatia. Mpenda redio anayetaka kujifunza kwa uhalali hana budi kuomba leseni ya redio ya ridhaa, ambayo hapa nchini huandamana na jina la mwito linaloanza kwa 5Z4.

Lakini yako mawasiliano ya usalama ambayo yamewekwa ili yasikike na kila mtu, na kwa kaunti hizi mbili hayo ndiyo yenye uzito. Chaneli ya 16 ya redio za majini, katika megahezi 156.8, ni ya kimataifa kwa ajili ya dhiki na mwito: anayezama huitamka hali yake mara moja, na kila chombo kilicho ndani ya upeo humsikia kwa pamoja. Simu ya mkononi, ambayo ndiyo tegemeo la wavuvi wengi kati ya Rusinga na Muhuru Bay, humfikia mtu mmoja tu, naye lazima awe macho. Tena mtandao wa simu wa GSM, kwa mpangilio wake wa kawaida, haufiki zaidi ya kilomita 35 kutoka mnarani. Wavuvi wa omena hutoka usiku wa giza na taa zao, na ni usiku kuelekea alfajiri ambapo dhoruba za Ziwa Victoria huwa nyingi, upepo wa nchi kavu unapokutana katikati ya ziwa. Msaada basi huhitajika saa ambazo simu nyingi za ufuoni zimezimwa.

Ziwa hili la kilomita za mraba 68,800 hivi limegawanywa na nchi tatu, na wimbi la redio linalotoka Muhuru Bay halisimami mpakani mwa Tanzania, wala lile la kisiwa cha Migingo halimwulizi msikilizaji uraia wake. Jambo hilo lilizingatiwa katika mradi wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, uliouteua mji wa Mwanza kuwa makao ya kituo cha kuratibu uokoaji. Kituo cha mbali hakitoshi peke yake, kwa kuwa hesabu ya kimo cha antena haibadiliki kwa sababu ya mkataba. Serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, pamoja na kamati za BMU zinazosimamia fuo, ziweke Mbita, Sori na Muhuru Bay redio ya majini yenye leseni, antena juu ya kilima, betri ya sola, na mtu wa zamu anayesikiliza chaneli ya 16 usiku kucha.