Muswada Umesomwa Mara ya Kwanza: Nafasi ya Mwamini ni Ipi?



Katikati ya Julai 2021 Watanzania wengi walituma fedha kwa simu wakakuta makato yameongezeka. Ilikuwa ni tozo mpya ya miamala, na mjadala ukawaka kila mahali, hata kwenye viwanja vya parokia baada ya Misa. Wengi waliuliza: jambo hili limepitishwa lini? Lilikuwa limepitishwa mwezi uliotangulia, mchana kweupe, ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha uliojadiliwa na Bunge mjini Dodoma. Mwezi Septemba, baada ya malalamiko ya wananchi, Serikali iliipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30. Malalamiko yalizaa matunda, lakini yalikuja baada ya sheria, wakati ambapo kusema ni kugumu na kusikilizwa ni hisani.

Ndiyo sababu tunaandika makala haya. Kabla ya kila mkutano wa Bunge hutolewa ratiba: miswada itakayosomwa, maswali yatakayojibiwa, na mara nyingine hoja za wabunge. Ratiba hiyo huonekana kama shughuli ya wenyewe, nasi tunaipita. Tungependa kueleza yaliyomo ili mwamini atambue mahali ambapo neno lake linaweza kuingia.

Wapo wanaohoji kama somo hili lina nafasi katika tovuti ya jimbo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1915, inafundisha kwamba raia anapaswa kushiriki katika mambo ya umma kadiri awezavyo. Namba 2240 inaweka kulipa kodi, kupiga kura na kuilinda nchi katika fungu moja la wajibu wa kimaadili. (Tunaona kwamba lile la kwanza hukumbushwa mara nyingi zaidi kuliko mengine.) Sisi mapadre, kwa upande wetu, Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inatukataza kushika nyadhifa zinazoshiriki mamlaka ya dola. Kazi hii basi ni ya walei kwanza, na haihitaji kusubiri homilia.

Tuanze na miswada. Muswada ni pendekezo la sheria. Huchapishwa katika Gazeti la Serikali, kisha hufikishwa Bungeni na kusomwa mara ya kwanza. Jina hili huwachanganya watu, kwani siku hiyo hakisomwi kitu isipokuwa kichwa cha muswada. Hakuna mjadala wala kura. Mtu akisikia redioni kwamba muswada fulani umesomwa mara ya kwanza, aelewe kuwa bado hakuna lililoamuliwa.

Kinachofuata ndicho kiini cha makala haya. Spika huupeleka muswada kwenye Kamati ya Kudumu inayohusika, na Kamati hutoa tangazo la kuwaalika wadau watoe maoni, ama kwa kufika mbele yake ama kwa maandishi. Neno hilo “wadau” limewafukuza watu wengi. Mkulima wa korosho akilisikia hudhani wanaitwa wenye ofisi, wanasheria na mashirika ya mjini. Lakini muswada ukihusu korosho, hakuna mdau mkubwa kuliko yeye. Muswada ukihusu ndoa, malezi, ardhi ya kijiji au bima ya afya, familia ya Kikristo ni mdau kwa ukamilifu. Kizuizi cha lugha nacho kimepungua, kwa kuwa mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi. Kabla ya hapo mwananchi aliitwa kutoa maoni juu ya andiko ambalo mara nyingi hakuweza kulisoma.

Je, maoni hayo hubadilisha kitu? Chukua miswada mitatu ya uchaguzi na vyama vya siasa iliyosomwa mara ya kwanza Novemba 2023. Mwanzoni mwa Januari 2024 Kamati ilikaa siku kadhaa Dodoma kupokea maoni, na mmoja wa miswada hiyo uliokuja ukitaja “Tume ya Taifa ya Uchaguzi” ukatoka kuwa sheria ya “Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi”. Vyama vya upinzani vilisema, tena kwa nguvu, kwamba neno moja halitoshi wakati Ibara ya 74 ya Katiba bado inamwachia Rais uteuzi wa wajumbe wa Tume. Hoja hiyo ina uzito wake, nasi hatuoni kwamba imejibiwa kikamilifu. Hata hivyo andiko liliingia Kamatini likiwa hivi na kutoka likiwa vile.

Baada ya Kamati, mlango unaanza kufungwa. Katika kusomwa mara ya pili Waziri hutoa hoja, Kamati hutoa maoni yake, wabunge hujadili. Kisha Bunge hukaa kama Kamati ya Bunge Zima na kupitia kifungu kwa kifungu. Kusomwa mara ya tatu ni hatua fupi. Muswada hupelekwa kwa Rais, ambaye kwa Ibara ya 97 anaweza kuukubali au kuurudisha pamoja na sababu zake.

Kuna njia mbili ambazo mlango huo hufungwa mapema, na mwamini azijue. Ya kwanza ni hati ya dharura. Mwaka 2017 miswada ya kulinda utajiri na rasilimali za nchi iliwasilishwa mwishoni mwa Juni na kupitishwa mwanzoni mwa Julai. Nia yake ilisifiwa na wengi, lakini siku hizo chache hazimtoshi hata mwanasheria kusoma kwa utulivu, sembuse jumuiya ya kijijini. Njia ya pili ni azimio. Mikataba na nchi za nje haipiti hatua za muswada. Bunge huiridhia kwa azimio, na jambo likaisha kwa kura moja. Ndivyo ilivyokuwa Juni 10, 2023 kwa makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Tamko la Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, lililopinga makubaliano hayo, lilitolewa Agosti 18, zaidi ya miezi miwili baadaye. Kwa hiyo ukiona neno “azimio” katika ratiba, jua kwamba muda ni mfupi kuliko unavyodhani.

Maswali tutayaeleza kwa ufupi. Kila asubuhi ya kikao huanza na maswali kwa mawaziri, na Alhamisi huwa na maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Msingi wake ni Ibara ya 63, inayompa mbunge haki ya kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wajibu wake. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi na jibu huandaliwa. Lile la nyongeza ndilo humkuta waziri bila karatasi. Uzuri wa jibu la waziri ni kwamba huingia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge. Akisema zahanati itakamilika mwaka fulani wa fedha, maneno hayo yanabaki, na yeyote anaweza kuyarejea. Mbunge wa jimbo lenu, awe wa chama chochote, anaweza kuombwa aulize.

Tukija kwenye hoja za upinzani, kuna utani mwingi na uelewa mdogo. Watu husikia mbunge “ameshika shilingi” ya Waziri wakacheka. Maana yake ni kwamba, wakati wa kupitisha bajeti ya wizara, mbunge anatoa hoja mshahara wa Waziri upunguzwe shilingi moja hadi atoe maelezo ya kuridhisha. Shilingi haina thamani; maelezo ndiyo yanayotafutwa. Kwa upande mwingine, mbunge hawezi kusimama peke yake na kuleta muswada wa kuondoa kodi au tozo, kwa sababu Ibara ya 99 inaacha mambo ya fedha yaanzie Serikalini. Wanaowalaumu wapinzani kwa “kulalamika tu” mara nyingi hawaijui Ibara hiyo.

Hoja kubwa zaidi huwa na masharti. Aprili 2012 Zitto Kabwe wa CHADEMA alikusanya saini zaidi ya 70 za wabunge kwa ajili ya kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Idadi ilifikia asilimia 20 inayotakiwa na Ibara ya 53A, lakini Ibara hiyohiyo inadai taarifa ya siku 14 kwa Spika, na mkutano ulikuwa unakwisha. Kura haikupigwa. Mwezi uliofuata Rais Kikwete alilipanga upya Baraza la Mawaziri.

Miaka mitano kabla ya hapo, Agosti 2007, mbunge huyohuyo alitoa hoja iundwe Kamati Teule kuchunguza mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hoja ilikataliwa, naye akasimamishwa kuhudhuria Bunge. Mwezi Novemba Rais aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuhusu sekta ya madini na kumweka aliyesimamishwa miongoni mwa wajumbe. Mwaka 2008 TEC, pamoja na CCT na BAKWATA, zilichapisha utafiti kuhusu namna dhahabu inavyoweza kuwanufaisha wananchi. Mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini. Hoja iliyoshindwa Bungeni ilikuwa imekwisha kutoka nje ya Bunge.

Uhuru wa kusema ndani ya Bunge, unaolindwa na Ibara ya 100 ya Katiba yetu, una historia inayotuhusu Wakatoliki. Mwaka 1523 Thomas More, akiwa Spika nchini Uingereza, alimwomba Mfalme Henri wa Nane awaruhusu wabunge waseme bila hofu ya kuadhibiwa. Mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu huyo kuwa msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa.

Basi, tangazo la Kamati litakapotoka, tunaomba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, zikisaidiwa na Tume ya Haki na Amani, zifanye jambo dogo. Zitafute muswada wenyewe, si muhtasari wa mitandaoni. Zichague kifungu kimoja kinachogusa maisha yao. Waandike ukurasa mmoja: namba ya kifungu, kinasema nini, kitawaathiri vipi, na maneno wanayopendekeza badala yake. Matusi na sifa vyote viachwe. Barua itumwe kwa Katibu wa Bunge kabla ya tarehe iliyotajwa, na nakala apewe mbunge wa jimbo la uchaguzi. Muswada unaofuata ukiwa na hati ya dharura, waandike usiku huohuo.