Hadisi za Ajabu: Ginsi ya Kuzisoma na Kuziandika

Vijana wetu wa seminari wapenda kuandika. Ukiwapa karatasi na kuwaambia, "Tungeni hadisi," wengi wataandika habari ya kijana aliyepata pete au fimbo ya ajabu, akaenda mbali, akaua joka, akarudi tajiri. Joka lenyewe halina jina, mlima hauna jina, na fimbo ile haikumdai mwenyewe kitu chochote. Mambo hayo yatoka wapi? Mengine yatoka katika sinema na simu, mengine katika vitabu vya Ulaya vilivyosomwa nusunusu. Sisemi kwamba ni dhambi. Lakini mwandishi wa namna hiyo, akiwa hapa Musienene, afanana na mtu aketiye kando ya mto akingoja mvua ili apate kunywa.

Maana hadisi kubwa kupita hiyo iko kwa jirani zetu. Wanyanga wa Walikale wapakana na Lubero yetu upande wa kusini-magharibi. Wao wana hadisi ndefu iitwayo karisi, ya kusimuliwa na kuimbwa pamoja. Mwaka 1956 msimulizi mmoja, Shekarisi Candi Rureke, alitoa habari ya Mwindo kwa siku 12, akiimba, akicheza na kuigiza, kibuyu cha kuchezesha mkononi. Daniel Biebuyck, mtaalamu Mbelgiji, na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, waliishughulikia, na kitabu kikatoka Marekani mwaka 1969, maneno ya Kinyanga pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Nitaieleza kidogo, kwa sababu wengi kati yetu wajua safari za Enea wa Vergilio kuliko za Mwindo.

Shemwindo, mwami wa Tubondo, aliwaagiza wake zake wazae wasichana tu. Mvulana yeyote atauawa. Lakini mke wake mmoja akamzaa Mwindo, mtoto aliyezaliwa akitembea na kusema, usinga mkononi. Baba akamtupia mikuki, haikumpata. Akamzika, mtoto akatoka kaburini. Mwisho wakamfunga ndani ya ngoma, wakaitupa mtoni. Ngoma ikapanda mto mpaka kwa Iyangura, shangazi yake, aliyeolewa na Mukiti, joka la maji. Kisha Mwindo arudi Tubondo kupigana, na mji wateketea kwa radi ya Nkuba. Baba akimbia: ang'oa jani liitwalo kikoka, ashuka chini ya nchi, mahali anapotawala Muisa. Mwindo amfuata.

Hapo tusimame, maana hapa pana utamu. Kabla ya kushuka, Mwindo ampa shangazi yake ncha ya kamba, amwambia: ukiona kamba haitikisiki tena, ujue nimekufa. Basi yule shujaa, pamoja na usinga wake wenye nguvu, hashuki peke yake. Juu ya nchi yuko mwanamke mmoja, ameshika kamba, angoja. Chini nako amsaidiaye ni Kahindo, binti Muisa, mgonjwa wa vidonda, anayemwonya asikubali kiti wala chakula cha baba yake. Mwindo apewa kazi zisizowezekana, apigwa hata kuanguka, acheza mchezo wa kushindania mali na Sheburungu na kupoteza karibu yote, mpaka aweka usinga wenyewe kuwa dau, ndipo ashinda. Mwisho ampata baba yake. Je, amuua? Hapana. Ampeleka nyumbani, awafufua watu wa Tubondo, na mbele ya mkutano wote Shemwindo akiri kosa lake, naye Iyangura amkaripia ndugu yake wazi. Nchi yagawanywa kati ya baba na mwana.

Mwandishi mchanga angeishia hapo. Rureke hakuishia. Mwindo, sasa mwami, atamani nyama ya nguruwe wa mwitu, atuma wawindaji, na wengine kati yao wamezwa na Kirimu, joka la msituni. Mwindo amuua Kirimu. Huu ni ushindi, sivyo? Lakini Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba kwa agano la damu. Nkuba, yule yule aliyemsaidia zamani, ashuka na kumchukua juu, na Mwindo akaa huko mwaka mmoja akiteswa na kufundishwa na Nkuba, na Mvua, na Mwezi, na Jua, na Nyota. Wamkataza kuua mnyama tena. Ndipo arudi na kuwapa watu wake amri za kuishi vizuri.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri yote ya hadisi za namna hii. Ajabu ndani yake si ovyo. Kila nguvu ina mwenyewe, kila nguvu ina deni, na usinga ule uliofufua mji mzima haukumwokoa mwenye kiburi siku ya hukumu. Anayeandika ajabu zisizo na sheria ataona msomaji apiga miayo kabla ya ukurasa wa pili, maana mahali ambapo lolote laweza kutokea, hakuna la kuogopa wala la kutumaini.

Tena, tusiseme kwamba joka ni kitu cha kuazima. Wanyanga wasema kirimu, Wakikuyu irimu, watu wa pwani zimwi: wenye elimu ya lugha waona hapo shina moja la neno, lililogawanyika kwa Wabantu tangu zamani sana.

Wengine watauliza: Je, ni halali kwa Mkristu, tena mseminari, kujishughulisha na mizimu na mafahali ya uongo kama hayo? Swali ni la kale. Mtakatifu Augustino alijilaumu kwamba kijanani alimlilia Dido wa kitabuni bila kuililia roho yake mwenyewe. Lakini Mtakatifu Basili aliwaandikia vijana wasiogope vitabu vya wapagani, wafanye kama nyuki ambaye hachukui kila kitu katika kila ua. Na karibu na siku zetu J.R.R. Tolkien, Mkatoliki, mwalimu wa Oxford, alieleza katika hotuba ya mwaka 1939 kwamba mwanadamu atunga ulimwengu kwa sababu mwenyewe ameumbwa kwa mfano wa Muumba. Kisha akautoa wake, vitabu vitatu, mwaka 1954 na 1955. Katika Kiswahili chetu Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani, na kwa nchi hiyo isiyokuwako alisema juu ya watawala maneno ambayo nchi zilizoko hazingependa kuyasikia.

Hatari yatoka upande mwingine, kwetu sisi wahubiri. Tukisikia kwamba Mwindo alitoka kaburini, akashuka kuzimu, akapatana na baba, upesi twataka kusema: "Tazameni, ni Yezu!" Tusiseme hivyo. Mwindo alishuka kumkamata baba aliyetaka kumuua. Kristu alitumwa na Baba ampendaye. Ukiwachanganya, umeharibu hadisi na katekismu pamoja. Acha Mwindo awe Mnyanga. Ukweli alio nao juu ya baba wenye wivu na wana wenye nguvu wamtosha.

Yabaki neno la kazi, nalo ni la haraka. Tangu mwaka 1969 kitabu kiko, lakini wasimulizi hawakai kitabuni. Mwezi wa sita 2024 M23 waliteka Kanyabayonga, kusini mwa Lubero. Mwezi wa tatu 2025 waliingia hata Walikale, wakatoka mwezi wa nne. Kila mara watu wakimbia na mikeka na masufuria. Mzee aliyezoea kusimulia karibu na moto wake, akiwa amehifadhiwa darasani mwa watu wengine, hasimulii. Na wajukuu wametawanyika.

Basi, ndugu waseminari, kabla ya kutunga, kaandikeni. Mwende likizo kwa mababu zenu na daftari. Andikeni jina la msimulizi kwa ruhusa yake, kijiji chake, siku, na nani aliyemfundisha, maana Biebuyck alionyesha baadaye, katika kitabu kingine cha 1978, kwamba Mwindo wa msimulizi mmoja si Mwindo wa mwingine. Msisahihishe neno lisilowapendeza, wala msiruke wimbo kwa sababu unarudiwa. Mara nyingi wimbo ndio mfupa wa hadisi. Ukurasa wa kushoto uwe Kinande kama kilivyosemwa, hata neno ambalo ninyi wenyewe hamlijui, wa kulia Kiswahili, na chini muache nafasi, kwa sababu siku ya pili babu atakumbuka jambo alilolisahau.