Jicho Vivu kwa Watoto: Kazi Kubwa Hufanyika Nyumbani

Mzazi, jaribu jambo hili leo kabla giza halijaingia. Mketishe mwanao mlangoni penye mwanga, umzibe jicho la kulia kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha umwonyeshe kitu kidogo kilicho hatua chache mbele yake: picha kwenye kalenda ya ukutani, vidole vyako ahesabu, kifaranga uani. Rudia kwa jicho la kushoto. Mtoto ambaye macho yake yako sawa hajali sana ni lipi limezibwa. Lakini akitulia ukiziba moja, kisha ukiziba la pili akasukuma mkono wako, akalia au akapinda shingo ili achungulie, huenda jicho ulilomwachia halioni vizuri. Mpeleke akapimwe.

Wazazi wengi huona ajabu wakiambiwa kuwa mtoto haoni kwa jicho moja. Anakimbia, anadaka mpira, anamtungia nyanya yake uzi kwenye sindano! Ni kweli, lakini anafanya yote hayo kwa jicho moja zima. Hali hii haiumi, na mara nyingi jicho lenyewe kwa nje halina dosari yoyote. Mtoto naye hawezi kulalamika kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine.

Jina "jicho vivu" halimtendei mtoto haki, maana hakuna uvivu hapo. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya kwanza ya maisha, kama mtoto anavyojifunza kusema. Jicho moja likileta picha safi na la pili picha yenye ukungu, ubongo huchagua ile safi na kuipuuza ya pili. Kadiri miaka inavyopita ndivyo unavyozoea kuipuuza. Sababu kuu ni makengeza, au macho mawili kutofautiana sana katika nguvu ya kuona. Mara chache, kitu huwa kimezuia mwanga kuingia, kama vile mtoto wa jicho au kope iliyolegea.

Wapo wanaosema makengeza ni urembo, na wengine husema yatapotea mtoto akikua. Mtoto ambaye bado ana makengeza baada ya miezi mitatu au minne tangu kuzaliwa apelekwe kupimwa. Na ukiona weupe ndani ya mboni, hata kwenye picha ya simu, usingoje hata wiki moja. Huenda ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho ambayo hutishia maisha.

Matibabu huanza kwa miwani iwapo mtoto anaihitaji, na aivae kutwa nzima, si darasani tu. Miwani peke yake inaweza kufanya mengi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2006, watoto 84 wenye macho yanayotofautiana nguvu walipewa miwani tu. Zaidi ya robo yao jicho lilipona kabisa bila hatua nyingine. Kwa hiyo daktari akikwambia urudi baada ya wiki kadhaa kabla ya kuongeza tiba nyingine, hajakupuuza.

Jicho lisipotengemaa, ndipo huja kiraka. Jicho zima huzibwa kwa saa kadhaa kila siku ili ubongo ulazimike kulitumia lile dhaifu. Hapa ndipo tiba inapohamia nyumbani. Daktari anamwona mtoto kwa dakika chache, wewe uko naye kila jioni. Habari njema ni kwamba si lazima kumziba kutwa. Kwa watoto walio chini ya miaka 7 ambao tatizo lao ni la wastani, saa 2 kwa siku zilionekana kufaa sawa na saa 6. Tatizo likiwa kubwa, saa 6 zilifaa sawa na kuziba kutwa nzima. Idadi ya saa za mwanao ataisema aliyempima. Usiipunguze kwa huruma, na usiiongeze kwa haraka ya kupona, kwani jicho zima likizibwa kupita kiasi nalo linaweza kudhoofika.

Kiraka kibandikwe kwenye ngozi, na miwani ivaliwe juu yake. Kitambaa kilichoning'inizwa kwenye kioo cha miwani huacha upenyo puani, na watoto ni hodari wa kuchungulia. Ngozi ikianza kuwasha, geuza upande wa kubandika kila siku, na usiku upake mafuta ya kujipaka pale palipobandikwa.

Na mazoezi je? Wazazi huuliza sana, na wapo wauzaji mtandaoni wanaoahidi mazoezi ya kumfanya mtoto atupe miwani. Ukweli ni kwamba saa za kiraka ndizo dawa. Utafiti uliochapishwa 2008 uliwagawa watoto 425 waliokuwa wakivaa kiraka saa 2 kwa siku. Kundi moja lilifanya kazi za karibu kama kupaka rangi, la pili michezo ya kuangalia mbali. Baada ya wiki 8 hapakuwa na tofauti. Mchezo wa kompyuta ya mkononi uliotengenezwa kwa ajili ya macho haya nao ulijaribiwa kwa watoto 385, matokeo yakachapishwa 2016. Haukukishinda kiraka, na wengi wao hawakuucheza kwa muda waliopangiwa.

Hata hivyo shughuli zina kazi yake. Mtoto aliyeshughulika husahau kuwa amezibwa. Mpe maharagwe achambue, shanga atunge, gololi acheze, au vifuniko vya soda avipange kwa rangi. Muda bora ni baada ya shule, mkiwa pamoja. Wiki za kwanza ni ngumu kwa sababu kwa hakika haoni vizuri. Atamwaga uji, atakosa kidato cha ngazi, atakasirika. Usimtume dukani ng'ambo ya barabara akiwa na kiraka, usimwache karibu na jiko, na baiskeli ingoje.

Ugumu huu si wa nyumba yako peke yako. Watafiti wa Uingereza walipotumia vifaa vya kupima muda wa kiraka, waligundua kuwa watoto walivaa karibu nusu tu ya saa walizoandikiwa. Kule The Hague, Uholanzi, watoto walipewa kisa cha picha kinachoeleza kwa nini jicho linazibwa, na wakavaa kiraka muda mrefu zaidi. Basi mweleze mwanao, usimlazimishe kimyakimya. Mzibe mwanasesere wake pia. Weka alama kwenye kalenda kila siku anapomaliza.

Kwa baadhi ya watoto, daktari huagiza matone ya atropini badala ya kiraka. Hutiwa kwenye jicho zima ili lipate ukungu kwa muda, na wengine huyatumia wikendi tu. Chupa hiyo ni sumu ikinywewa. Ifungie mahali pa juu. Dawa za mitishamba zisitiwe jichoni kamwe.

Umri unaofaa zaidi ni kabla ya miaka 7, yaani chekechea na Gredi ya Kwanza. Aliyevuka hapo asikatiwe tamaa. Katika utafiti wa watoto wa miaka 7 hadi 12, zaidi ya nusu ya waliotibiwa kwa miwani, kiraka na matone walipata nafuu. Tiba ikishafanikiwa, endelea na kliniki, kwani takriban mtoto mmoja kati ya wanne hurudi nyuma ndani ya mwaka mmoja.

Kupimwa peke yake hakutoshi. Katika Kaunti ya Trans Nzoia, walimu waliwapima macho wanafunzi zaidi ya 20,000 wa shule 50, na matokeo yakachapishwa 2018. Wazazi walipokumbushwa kwa ujumbe wa simu, na mwalimu kumwonyesha mtoto na mzazi picha ya jinsi mtoto anavyoona, watoto 54 kati ya 100 waliopewa rufaa walifika hospitali. Bila hayo walifika 22 tu. Ukiletewa barua kutoka shuleni kuhusu macho, ifuate.

Anzia kwenye zahanati iliyo karibu, au mwulize mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako kliniki ya macho hufanyika siku gani. Beba Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, miwani ya mtoto ikiwa anayo, na ile kalenda yenye alama, ukiwa umeshaanza kumziba. Siku ulizoruka ziache wazi hivyo hivyo, kwa sababu anayempima anahitaji kujua saa alizovaa kweli kabla ya kuamua kama tiba ibadilishwe.