MANENO YA MTU ASIYEKIMBIA

Jioni moja mume wangu aliniuliza, "Mama watoto, ile ada ya shule umeshaipeleka?" Nilifunua sufuria, nikachungulia wali ambao haukuwa na haja ya kuchunguliwa, nikajibu, "Usiwe na wasiwasi, baba." Sikusema ndiyo, wala sikusema hapana. Ukweli ni kwamba fedha ile nilikuwa nimeitoa kwenye upatu, nikitumaini zamu yangu itafika kabla shule hazijafunguliwa. Zamu haikufika.

Je, mama mwenzangu, wewe huna jibu la namna hiyo? "Tutaongea kesho." "Kamwulize baba yako." "Niache kwanza, nimechoka." Kila mmoja wetu anayo yake. Hata lugha yetu ina maneno tele ya kazi hii: kukwepa, kuhepa, kutoroka, kusingizia, kupiga chenga. Lakini yapo pia maneno yaliyo kinyume cha hayo. Tuyaangalie manne, kwa maana yanaweza kutusaidia nyumbani.

Kukabili

Neno hili limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuelekeana uso kwa uso. Duka lililo mkabala na kanisa ni lile linalotazamana na kanisa. Shina hilohilo limetupatia neno kibla, yaani upande ambao ndugu zetu Waislamu huuelekea wanaposali. Limetupatia pia neno kubali. Basi ona jinsi yanavyohusiana: ni vigumu kulikubali jambo ambalo umeligeuzia mgongo.

Kumkabili mume siyo kumvaa kwa maneno. Ni kuweka mwiko chini, kukaa, na kumtazama. Mnakumbuka habari za Yakobo katika kitabu cha Mwanzo? Aliposikia kwamba Esau anakuja na watu mia nne, aliogopa sana, na alikuwa na sababu, kwa kuwa alikuwa amemwibia ndugu yake baraka. Alitanguliza zawadi, akawapanga watu wake, lakini mwishowe yeye mwenyewe alitangulia mbele ya wake zake na watoto wake. Hofu alikuwa nayo, ila hakuiacha imgeuze arudi.

Kukiri

Neno hili nalo ni la Kiarabu, na shina lake lina maana ya kutulia na kukaa imara mahali pamoja. Hapo pana fundisho. Mwenye kuficha hatulii. Akisikia hodi anashtuka. Akiona barua ya shule anaikunja haraka. Anayekiri ameacha kukimbia.

Lakini kukiri kuna namna yake. "Ndiyo, nilikosea, lakini na wewe..." Hapo tayari tumeshaanza kuhepa tena. Hata Adamu alipoulizwa, alimtaja kwanza mkewe. Kukiri kwa kweli ni kufupi: nimefanya hivi, ni mimi, nisamehe. Watoto wetu pia wanahitaji kuyasikia maneno haya kutoka kwetu. Mama aliyempiga mtoto kwa kosa la mwenzake, kisha akamwita na kumwomba radhi, hajapoteza heshima yake. Amemfundisha mtoto jambo ambalo fimbo haiwezi kulifundisha.

Kuwajibika

Hili limetokana na wajibu, jambo ambalo halina budi kutendwa. Watanzania wengi wakilisikia neno hili humkumbuka Mzee Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya watu waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye mwenyewe hakumgusa mtu. Angeweza kusema, "Mimi nilikuwa mbali, waulizeni waliokuwapo." Hakusema hivyo, alibeba lawama ya waliokuwa chini yake. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi.

Nyumbani nasi tunao walio chini yetu. Msichana wa kazi akiunguza chakula kwa sababu hatukumwelekeza, kosa ni la nani?

Kustahimili

Neno hili ni ndugu wa neno hamali, yaani mchukuzi wa mizigo. Anayestahimili amejitwika mzigo na anakwenda nao, hatua kwa hatua, mpaka mahali pa kuutua. Ndivyo afanyavyo mama anayemwuguza mkwe wake, au anayelipa deni kidogo kidogo kila mwezi.

Hapa naomba tuelewane vizuri. Wako akina mama wanaopigwa, nao huambiwa, "Vumilia, mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo." Hilo silo ninalosema. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake ili kumwadhibu. Mama anayechukua watoto usiku na kuondoka ili aokoe maisha yake hajakwepa kitu. Kinyume chake, kunyamaza na kusema "nilianguka bafuni" ndiko kulikuwa kukwepa. Kwenda kwa wazee, kwa mchungaji, au polisi kwenye dawati la jinsia, huko ndiko kulikabili jambo lenyewe.

Na ile ada?

Nililala siku nne na siri yangu. Siku ya tano, watoto walipokwisha kulala, nilimwambia mume wangu, "Baba, fedha ya ada sinayo. Niliiweka kwenye upatu bila kukuuliza. Nilikosea." Hakunikumbatia kama Esau. Alikasirika, na kwa siku mbili tulisemeshana kwa salamu tu. Siku ya tatu alisema, "Twende shuleni tukazungumze nao." Tulikubaliwa kulipa kwa mafungu matatu. Nikauza vitenge vyangu viwili vipya, naye akaacha kwa muda mpango wake wa kununua baiskeli.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mama mpendwa, leo jioni ukiulizwa lile swali unaloliogopa, usifunue sufuria. Vuta kigoda, ukae, ujibu.