Ngolaga wa msitu wa Sanje

Ukisafiri kutoka Mikumi kwenda Ifakara, upande wako wa kulia utaona milima yenye msitu mzito. Hiyo ni milima ya Udzungwa. Tangu mwaka 1992 sehemu ya milima hiyo ni Hifadhi ya Taifa. Wageni huitembelea kwa miguu.

Ukiingia msituni, jua huonekana kwa shida. Miti ni mirefu na matawi yake yameshikana. Chini kuna majani mengi yaliyooza. Majani hayo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ndiyo maana mito inayotoka huko huteremsha maji hata wakati wa kiangazi. Pale Sanje maji huporomoka mita 170 hivi.

Juu ya miti utaona mbega wekundu wa Udzungwa. Lakini ngolaga hupenda kutembea chini. Ni kima wa kijivu mwenye mkia mrefu. Hupekua majani akitafuta mbegu na wadudu.

Je, unajua habari zake? Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu huu. Walisikia mlio mkubwa. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia kuwa huyo ni ngolaga. Vitabuni mnyama huyo hakuwamo! Lakini wenyeji walikuwa wakimjua, na jina walikwisha mpa.

Ngolaga anaishi katika misitu miwili tu, yote ya milima hiyo hiyo. Hayupo penginepo duniani. Mitego ya waya humwua, na miti ikikatwa hukosa chakula.

Zamani wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu hifadhini kwa siku maalum. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Jambo hili liliwaletea taabu akina mama. Kumkataza mtu kuni bila kumwonyesha nyingine hakutoshi. Wenye nafasi wapande miti ya kuni kando ya mashamba, na majiko yasiyokula kuni nyingi yatumike.

Ukitaka kwenda, makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula. Utalipa kiingilio na kupewa kiongozi. Kwenda Sanje na kurudi ni mwendo wa saa nne hivi, kwa hiyo chukua maji ya kunywa. Anza asubuhi na mapema, wakati ngolaga wanapoitana.